Bukari ya Asubuhi kule Fuentelmonte

Juzi nilipita mtaa wa Schuman, hapa Brussels, nikamkuta kijana mmoja, mwongozaji wa watalii, amewapa mgongo wageni wake na anasoma habari za jengo kwenye simu. Wageni nao walikuwa wanasoma simu zao. Jengo lilisimama peke yake, halina wa kulitazama. Nilitaka kumvuta sikio yule kijana, lakini magoti yangu siku hizi hayaniruhusu ugomvi, nikapanda basi nikarudi kwangu Etterbeek. Nilipovua koti bado nilikuwa na hasira, ndipo nikakaa niwaandikie nyinyi mnaoingia katika kazi hii.

Mimi ni Maman Odile. Nilizaliwa Likasi, kule Katanga, nikazeekea Brussels, na katikati nimefanya kazi moja tu. Nilikuwa nawachukua watu wetu, wengi wao Wakongomani wa parokia na wa kwaya, tunapanda basi kubwa pale Ixelles, tunalala Ufaransa njiani, na kesho yake tunafika mji mdogo wa Hispania unaoitwa Fuentelmonte. Nawaonyesha korongo, ngome na milima, kisha nawarudisha wote wakiwa wazima. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Watu waliniuliza kila mwaka: kwa nini Fuentelmonte, wakati Hispania imejaa fukwe? Jibu nililirithi kwa Tonton Gaspard, aliyenifundisha kazi. Alikuwa mzee mwembamba kutoka Kolwezi, mwenye kofia ya kijani asiyoivua hata kanisani.

"Bahari inajionyeshaka yenyewe," aliniambia. "Mulima inaomba muntu wa kuionyesha. Donc ku mulima njo kuko kazi."

Ngoja niwaelezee mji wenyewe. Unaingia kwa daraja la mawe, jembamba, basi halipiti, kwa hiyo mnashuka na kutembea. Kuna uwanja mdogo wenye bomba la maji na baa mbili zisizosalimiana. Nyuma ya nyumba za mwisho mto unaingia kwenye korongo, na ukutani mwa korongo wamefunga njia ya chuma. Unatembea mwamba uko begani na maji yako chini ya nyayo. Mbele kuna dimbwi la kuogea, maji baridi ya kukutoa roho. Juu ya mji iko ngome iliyobaki na mnara mmoja, na juu zaidi kikanisa cha mlimani, chenye kibaraza cha mawe. Ukipita kikanisa unafika kwenye ukingo wa jabali. Hapo tumbusi huruka chini yako, unawaona migongo. Mara ya kwanza nilipoona mgongo wa ndege aliye angani nilikaa chini kama mtoto. Nasema ukweli, bado napaota.

Tonton Gaspard alinifundisha kwamba basi lisimame kabla ya kona, si baada yake. Mkiwafungulia watu mlango mbele ya mandhari, watashuka wakitafuta choo. Washushe mapema, waipinde kona kwa miguu yao, na uzuri uwapige usoni wenyewe. Mimi safari yangu ya kwanza sikumsikia. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa najua majina ya wafalme wote waliowahi kuishika ngome ile, na niliyamwaga yote juani, wa kwanza hadi wa mwisho. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali. Mama mmoja akainua mkono.

"Maman, ule mufalme wa mbele, alikuwa anakulaka nini?"

Sikujua. Wote wakanitazama kwa huruma. Tangu siku hiyo, kabla ya kumwonyesha mtu nyumba, kanisa au ngome, natafuta kwanza waliokuwamo walikula nini, maji walichota wapi, na wakwe zao walikuwa nani. Wafalme wakae vitabuni mwao.

Halafu kuna suala la viatu, na hapa nawaonya nyinyi mtakaoongoza watu wetu. Mzungu akiambiwa twende mlimani anavaa nguo ya kuchafuka. Mtu wa Katanga akiambiwa kuna matembezi na kuna picha, anavaa ya Jumapili. Niliwahi kuwa na papa, yaani baba mmoja, aliyepita korongoni na suti ya vipande vitatu na viatu vya ngozi ya mamba. Niliwahi kuwa na mama ambaye visigino vyake vilinasa kwenye matundu ya njia ya chuma, vyote viwili, juu ya mto, na nyuma yake foleni ya Wahispania ikarefuka hadi mjini. Nikajaribu kukataza. Mkongomani umkatazie kupendeza? Maji ya moto hayachomi nyumba. Walinisikiliza, wakaitika, wakavaa walivyotaka. Mwishowe nikawa nabeba mfuko wa malapa ya mpira, ya miguu ya kila aina. Wakavaa malapa kutembea, viatu mkononi, na kwenye picha wakabadilisha. Kila mtu akaridhika, na mimi nikapata umaarufu wa muuza malapa.

Kuhesabu watu nako nilijifunza kwa njia yangu. Ukihesabu vichwa, wanajongea, unaanza upya. Kwaya huhesabiwa kwa sikio. Kabla basi halijaondoka nawaambia waimbe ubeti mmoja. Sauti ya tatu ikiwa nyembamba, kuna papa amebaki baa. Sauti ya kwanza ikipungua, kuna mama bado anapiga picha. Saidi, dereva wetu, Mtanzania wa Tanga, alikuwa haamini. Siku moja aliwasha injini, mimi nikamwambia zima, kuna alto moja, mama wa sauti ya pili, haipo. Tukamkuta amejifungia chooni, kitasa kimeharibika.

"Mama Odile," Saidi alisema, "wewe ukistaafu, hili basi litaacha watu hadi Ufaransa. I'm telling you."

Sasa niwaambie lile lililonikalisha hapa kuandika, kwa sababu hayo ya viatu mngeyajua wenyewe.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla sijastaafu, majira ya lozi kuchanua, mlima mzima mweupe na waridi. Tulikuwa na kwaya ya parokia, kiongozi wao Papa Anaclet, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima asiyeinua sauti. Katika kwaya alikuwamo Maman Clémentine, mtu wa Likasi kama mimi, mwenye kicheko cha kufungua madirisha. Siku ya kwanza tu simu yake ilimponyoka ikaingia kwenye dimbwi. Wenzake wakaizika kwenye mchele wa chakula chetu, wakamwambia itafufuka. Haikufufuka.

Kesho yake, Jumatano, nilikuwa nakunywa kahawa hotelini kwetu, nje ya mji. Simu yangu ikalia. Ni mwana wa Maman Clémentine, anapiga kutoka Brussels.

"Maman Odile, habari mubaya. Yaya ya maman, Yaya Philomène, alikufa ku Likasi. Batamuzika samedi. Tafazali, musimwambie maman. Atafika ku nyumba, njo tutamwambia. Bakubwa ya famille njo balisema vile."

Yaya kwetu ni dada mkubwa. Wangemzika Jumamosi, na basi letu lilikuwa lifike Brussels Jumapili.

Nilipoinua macho nikaona chumba kizima cha chai kinajua. Habari ilikuwa imekwisha kuruka simu kwa simu. Aliyekuwa hajui ni yule mmoja ambaye simu yake ilikuwa kwenye mchele. Naye aliingia hapo hapo, amevaa kitenge kipya, anacheka. Watu walisimama. Mmoja akampa kiti, mwingine akamvulia yai ganda, wa tatu akambebea mkoba.

"Ee, leo miye niko malkia?" akauliza. "Ao munataka franga?"

Walicheka kupita kiasi. Kwenye basi Papa Anaclet aliwaambia waimbe, na mimi nikasikiliza kama kawaida. Alto zote zilikuwa zimepotea, ingawa hakuna aliyebaki hotelini. Kina mama walikuwa wametazama madirisha, wanajifuta.

Kama hamjui desturi yetu, niwaambie. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo akiwa njiani. Safari ina hatari zake. Anayepokea msiba njiani anaweza kuanguka na asiwe na wa kumwinua. Unamngoja afike, akae, ale, azungukwe na watu, ndipo mkubwa mmoja aseme. Nimekulia katika desturi hiyo na sitaki mtu aniambie ni ya kijinga. Lakini mama yule alikuwa na dada mmoja tu duniani, na dada huyo ndiye aliyemlea. Na huko Madrid kulikuwa na ndege.

Tuliposhuka kwenye daraja nilimvuta Papa Anaclet pembeni.

"Papa, akifika dimanche, atakuta balisha kuzika. Atatuuliza kama tulikuwa tunajua. Tutamujibu nini?"

"Tutajibu ni coutume."

"Coutume haitamuzikia yaya yake."

"Odile." Alivua miwani, akaifuta. "Habaambiake muntu kifo mu njia. Hapa hakuna nyumba. Ataanguka wapi? Ku majiwe ya Bahispania?"

Nilikasirika, kisha nikagundua kwamba amenipa jibu bila kujua.

"Basi tumujengee nyumba, Papa. Inaomba nini? Ukuta, chakula, na bantu. Ku kile kikanisa cha yulu kuko kibaraza, iko na ukuta na paa. Bukari tutapika. Na bantu, si tuko shiye?"

Alirudisha miwani machoni, akatazama mbele. Maman Clémentine alikuwa mbele, anajipiga picha na simu ya jirani, mgongo wake kwetu.

"Eh bien," akasema mwishowe. "Lakini miye njo nitasema. Si weye, wala si muntu mwengine."

Nikampigia mwanawe simu, nikamwambia Papa Anaclet ameamua, tafuta ndege ya jioni. Kijana alilia kidogo, halafu akasema, "Merci, maman." Nadhani alikuwa anangoja mkubwa yeyote abadili neno. Pasipoti tulijua anayo. Maman Clémentine hakuwahi kuiacha pasipoti yake ya Kongo, alitembea nayo shingoni pamoja na kadi ya chanjo, na tulikuwa tunamtania kwamba anaogopa kufukuzwa hata usingizini.

Saidi alizunguka na basi kwa barabara ya nyuma hadi karibu na kikanisa. Nilimwambia atoe jiko la gesi na sufuria kubwa.

"Mama Odile, saa nne asubuhi tunasonga ugali?"

Nikamweleza. Aliweka sufuria chini taratibu. "Inna lillahi," akasema. "Kwetu pia mtu hapewi msiba akiwa amesimama." Akawasha jiko mwenyewe, akasonga mwenyewe, na alikuwa na mkono mzuri, bukari, ndiyo huo ugali wetu, ikatoka laini bila mabonge.

Tulitandika vitenge kwenye kibaraza. Kina mama wawili wenye nguvu walikaa nyuma ya Maman Clémentine, mmoja kila bega, kana kwamba wamechoka tu na mlima. Papa Anaclet alikaa mbele yake kwenye jiwe. Wengine tulizunguka. Maji ya kunawa yakapita. Bukari ikaja, na samaki wadogo wa kukaanga tuliobeba kutoka Ixelles. Maman Clémentine alimega, akafinyanga, akachovya, akatia mdomoni. Kisha mkono wake ukasimama.

"Bukari asubuhi hivi?"

Akatutazama mmoja mmoja, pole pole.

"Nani?"

"Meza kwanza, Clémentine," Papa Anaclet alimwambia kwa upole. "Meza, mama."

Akameza. Ilimchukua muda, tuliona shingo yake inahangaika. Ndipo Papa Anaclet akashika mikono yake yote miwili, akamwambia.

Sitaandika alivyolia. Wale kina mama wawili walifanya kazi yao. Kwaya nzima ililia ile siri iliyokuwa imewabana tangu asubuhi, na kisha, bila mtu kuanzisha, wakaimba nyimbo za kilio, zile za kwetu, hadi tumbusi wakahama upande. Mzee mmoja wa pale, aliyekuwa anapita na fimbo yake, alisimama, akavua kofia, akakaa kwenye ngazi ya kikanisa mpaka mwisho. Hakuelewa neno hata moja na alielewa yote. Nilimpa bukari. Aliila kwa adabu, ingawa uso wake haukuificha ladha aliyoisikia.

Tulipotulia, nilimwambia Maman Clémentine kwamba ndege iko jioni, kwamba taksi ya mjini itakuja saa sita, na dada mmoja wa kwaya atamsindikiza hadi uwanja wa ndege. Alikuwa amenawa uso. Alifikiri kidogo, akanyoosha kidole kule juu, kwenye ukingo wa jabali.

"Kule yulu kuko nini?"

"Mama, leo acha. Pumzika."

"Maman Odile, yaya hakutokaka hata siku moja ku Katanga. Alinituma akasema, nenda, angalia yote, utakuya kunielezea. Sitaenda ku kaburi yake mikono mitupu. Nionyeshe."

Basi nikamwonyesha. Vijana wangu, nimewaongoza watu maisha yangu yote, na sijawahi kuongoza kama siku ile. Alinishika mkono, kwaya ikafuata nyuma kimya, malapa yanapiga mawe. Hakutaka kupita kitu. Aliuliza jina la majani yanayonukia, nikamchumia. Aliuliza ngome ilijengwa kwa mawe ya wapi, waliyabebaje, kina mama walichota maji wapi. Alitaka kujua lozi zinaliwaje. Kila nilichosema alikirudia kwa sauti ndogo, akionyesha kwa mkono: huku daraja, huku mto, huku mnara. Akikosea upande anarudi nyuma na kuanza tena. Pale ukingoni, tumbusi walipopita chini yetu, alishtuka, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Yaya angekimbia! Yaya aliogopaka hata kuku."

Akalia tena, nami nikalia naye. Taksi ikapiga honi chini. Tuliteremka naye hadi mlangoni mwa gari. Papa Anaclet alimfungia mkanda kwa mikono yake, akamwekea kiganja kichwani. Yule mzee wa fimbo alimpa tawi la mlozi kupitia dirishani.

Duka la safari nililolifanyia kazi pale Ixelles lilifungwa mwaka uliofuata. Sasa wanauza vifuniko vya simu. Tonton Gaspard alifariki kabla ya hapo, Saidi amerudi Tanga, naambiwa amefuga mbuzi na hataki kusikia habari ya usukani. Fuentelmonte mnaweza kwenda leo bila mimi wala mtu yeyote, mna ramani inayoongea. Lakini natamani sana kusikia tena kwaya ile inapiga ubeti mmoja ndani ya basi, injini inanguruma, na mimi nimesimama mbele nimefumba macho nikihesabu. Ningetoa vyote vilivyomo humu ndani kwangu kwa asubuhi moja ya namna ile.

Maman Clémentine aliporudi kutoka Likasi alikuja kwangu, nywele zimenyolewa, amekonda. Kule Likasi alifika Ijumaa, Jumamosi alikuwa mbele kabisa, karibu na jeneza. Nilichemsha chai. Alinieleza kwamba walipouliza nani wa famille ana neno, yeye alisimama pale kaburini, akamgeukia dada yake, akamwelezea safari yote, akionyesha kwa mkono, tangu daraja.

"Na bantu?" nikamuuliza. "Hawakusema umepata wazimu?"

"Bantu?" Aliweka kikombe chini. "Maman Odile, nilisema, yaya, huku ku kushoto njo ngome, angalia. Bantu yote bakageuka ku kushoto. Hata ule wa kuchimba kaburi, aliacha pelle yake, akaangalia."